Fuo za Mombasa: Mchanga ni wa umma, njia je?

MOMBASA ni mji wa kisiwa, lakini mchanga wake mweupe hauko kisiwani. Kingo za kisiwa chenyewe kwa sehemu kubwa ni majabali ya matumbawe, na bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka wa 2019 baada ya ukarabati, ni mahali pa kupunga upepo na kutazama meli zikiingia Kilindini. Anayetaka kukanyaga mchanga huvuka daraja la Nyali kuelekea Nyali, Bamburi na Shanzu, au huabiri feri hadi Likoni. Huko ndiko lilikokita mizizi swali la nani ana haki ya kufika baharini.

Kisheria, ufuo hauna mmiliki binafsi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitambua ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa huishikilia kwa niaba ya wananchi, nayo Tume ya Kitaifa ya Ardhi huisimamia. Mlinzi anayemfukuza mpita njia kutoka mahali hapo hana msingi wa kufanya hivyo, hata akiwa amevaa sare nadhifu namna gani.

Taabu ni kwamba Katiba imetoa mchanga bila kutoa kichochoro cha kuufikia. Kati ya barabara kuu ya kwenda Malindi na bahari kuna safu ya ploti zenye hati, nyingine zikiwa na asili katika Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowataka wenye madai ya ardhi Pwani wayathibitishe, na ambayo haikupasa kutumika kwingineko nchini. Kanuni za upimaji za 1994 zinataka, kwa kawaida, ukanda usiopungua mita 60 juu ya kikomo cha maji kujaa uhifadhiwe kwa matumizi ya serikali. Lakini kanuni hiyo inahusu ardhi ya serikali inayopimwa ili igawanywe, na hata hapo waziri aliruhusiwa kupunguza upana huo katika hali maalumu. Haimrudishii mwananchi ardhi iliyokwisha kutolewa. Ndiyo maana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, hufurika watu siku za Idi na Krismasi: ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu hushuka majini bila kuulizwa anakwenda wapi.

Suala la njia halitenganishwi na lile la mmomonyoko. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa mjini Mombasa hukaribia mita 4. Mwenye ploti anapoona bahari ikimega ua wake, hukimbilia kujenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta wima halifi kama linavyokufa juu ya mteremko wa mchanga. Hurudi kwa nguvu na kuuchota mchanga ulio mbele yake. Mwisho wa ukuta, maji humla jirani asiyejenga, naye hujenga wake. Baada ya miaka kadhaa, maji yakijaa hakuna pa kupita. Ardhi ya umma ingali ipo kwenye Katiba, ila iko chini ya maji.

Mchanga huo nao una chimbuko lake. Mwingi wa fuo nyeupe za Pwani ni vipande vilivyosagika vya matumbawe, magamba na mimea ya bahari yenye chokaa, na mwamba ulio mbele ndio unaovunja makali ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Joto la bahari la mwaka wa 1998, lililoandamana na El Nino, liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Kwa wastani wa dunia, kina cha bahari kilipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Malindi mambo ni kinyume: mto Sabaki humwaga udongo mwingi kutoka bara hadi ufuo umepanuka, na majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Mpango unaofaa Malindi hauwezi kunakiliwa na kupelekwa Bamburi.

Njia za kuelekea ufuoni pia ni njia za kukimbilia. Mnamo Desemba 26, 2004, tsunami iliyoanzia karibu na Sumatra ilichukua saa kadhaa kufika Kenya, na polisi walipata muda wa kuwaondoa watu fuoni. Mtu mmoja alifariki nchini, eneo la Watamu. Muda kama huo huwa na faida ikiwa kuna upenyo kati ya kuta.

Upangaji wa ardhi ni jukumu la kaunti, chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kazi ya kwanza, kwa maoni ya mwandishi huyu, si kuta bali vigingi: kila njia ya umma ipimwe, isajiliwe na iwekewe alama, pamoja na madiko ya wavuvi, ambao huhitaji pa kuegeza mitumbwi na kupitishia samaki. Vibali vya kuta navyo vitathminiwe kwa ufuo mzima, si ploti kwa ploti. Mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor inastahili ulinzi uo huo, kwa kuwa mizizi yake hushika tope na kupunguza nguvu ya maji.

Mwananchi anayeona njia imezibwa au ukuta umesimamishwa bila tathmini ya mazingira anaweza kulalamika kwa NEMA, au kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki anayedai haki ya mazingira athibitishe kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara.