Kitanda cha Mfumi na Njia za Singida

Katika mkoa wa Singida, ulio katikati ya Tanzania, jina la Toyota limekwisha kushika kazi ya neno gari. Mwuza vitunguu anayewahi mnada, muuguzi anayemsindikiza mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na diwani anayekwenda kikaoni, wote aghalabu hupanda chombo chenye jina hilo. Lakini heshima hii si ya kale. Wazee wa Iramba na wa Unyaturu wangali wanaukumbuka wakati ambapo gari lolote la serikali liliitwa Landrova. Jinsi jina moja lilivyoondoka na jingine likaketi mahali pake ni habari ya viwanda vya Japani, bali zaidi ni habari ya njia mbaya, ya uhaba wa fedha za kigeni, na ya mafundi wafanyao kazi chini ya miti.

Nchi yenyewe yafaa itangulie. Singida ni uwanda wa juu wenye majabali makubwa, na mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki ni ya vumbi na upepo. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na wakati wa masika hunata kama ulimbo. Upande wa magharibi nchi hushuka ghafula kwenye mteremko wa Sekenke, jirani na machimbo ya dhahabu yaliyoanza kazi zama za Wajerumani, kisha huenea katika tambarare ya Wembere ambayo maji huifunika kila mwaka. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka wa 1912, ilipita kusini kwa Manyoni na Itigi, ikauacha mji wa Singida kando kwa umbali wa zaidi ya kilomita mia moja. Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni hata Kinyangiri katika miaka ya 1930, lakini mizigo ilikuwa haba, na katika miaka ya 1940 vyuma vyake viling'olewa. Miaka mingi ilipita baada ya Uhuru kabla ya gari la moshi kufika Singida mjini. Katika kipindi hicho chote, kila gunia lililotoka na kila chupa ya dawa iliyoingia ilitegemea magurudumu ya mpira.

Landrova, iliyozaliwa Uingereza mwaka wa 1948, ndiyo iliyoibeba serikali ya kikoloni katika njia hizo, na baada ya Uhuru ikaibeba serikali ya wananchi. Singida ilipofanywa mkoa mwaka wa 1963, wakuu wake walirithi chombo kile kile. Hapana sababu ya kuidharau. Bati lake la alumini halikuliwa na kutu, na moyo wake ulikuwa mwepesi kufahamika. Iliangushwa na jambo lililo nje yake. Mafuta yalipanda bei mwaka wa 1973, yakapanda tena mwaka wa 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba ya nchi. Na fedha za kigeni zilipoadimika, spea nazo zikaadimika. Gari lililokosa spea liliegeshwa nyuma ya ofisi likachunwa, leo taa, kesho gia, ili wenzake wapate kwenda. Katika hali hiyo mkoa haukuweza kuchagua gari kwa kupenda. Ulipokea gari lililokuja pamoja na fedha za mtoaji, na ukalishika gari ambalo spea zake zilipatikana. Japani ilikuwa miongoni mwa watoaji wa misaada, na Toyota ilikuwa na wakala madhubuti nchini, yaani kampuni za ukoo wa Karimjee Jivanjee, ambao biashara yake ilianza Unguja katika karne ya 19. Wapendao kusema kwamba Mjapani alishinda kwa ubora wa chuma peke yake hawana budi kuyatazama mambo haya.

Hata hivyo chuma kina historia yake, na yafurahisha kwamba historia hiyo haikuanza na motokaa, bali na kitanda cha mfumi. Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, alizaliwa mwaka wa 1867 katika nchi ambako wanawake wengi walifuma nguo za pamba nyumbani kwao. Aliiona taabu yao, akaanza kurekebisha kitanda cha mti cha kufumia, na mwaka wa 1891 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Alifanya kazi hiyo hiyo maisha yake yote. Kitanda kilichokamilika mwaka wa 1924 kilikuwa cha chuma, chaenda chenyewe, na kilikuwa na tabia moja iliyopita nyingine zote: uzi mmoja ulipokatika, kilisimama. Kabla ya hapo mtu alilazimika kukikodolea macho kila kitanda, kwa kuwa uzi uliokatika bila kuonekana uliharibu jora zima. Sasa mtu mmoja aliweza kuangalia vitanda vingi, akakiendea kile kilichosimama tu. Mwaka wa 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, iliyokuwa mwalimu wa dunia katika mitambo ya nguo, ilinunua haki ya kukitengeneza.

Mwanawe, Kiichiro, alizirithi karakana akazigeuza kuelekea motokaa. Idara ya motokaa ilianzishwa mwaka wa 1933 ndani ya kiwanda cha vitanda vya kufumia. Lori la kwanza lilitoka mwaka wa 1935. Na kampuni ya motokaa yenyewe ilisimama peke yake mwaka wa 1937. Jina la ukoo, Toyoda, liligeuzwa kuwa Toyota, kwa kuwa kwa maandishi ya Kijapani hilo la pili huandikwa kwa mikato minane, na nane ni hesabu ya baraka kwao. Lakini baraka haikuja upesi. Malori yale ya kwanza yaliharibika njiani mara kwa mara, hata wenye kampuni wakawa wanayafuata wenyewe kwenda kuyatengeneza. Jambo hili halisemwi sana na wale wanaolisifu jina hilo leo. Mwaka wa 1950 kampuni ilikuwa karibu kufilisika. Wafanyakazi waligoma, na Kiichiro akajiuzulu. Kilichoiokoa, pamoja na mikopo ya mabenki, ni vita vya Korea vilivyoanza mwaka huo huo, maana jeshi la Marekani liliagiza malori kwa wingi kutoka Japani.

Katika siku hizo za vita ndipo ilipozaliwa motokaa ambayo Singida ingeijua kuliko zote. Mwaka wa 1951 Toyota ilitia injini ya lori katika gari dogo lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na mwezi wa Julai gari hilo likapanda mlima Fuji hata kituo cha sita, mahali ambapo motokaa ilikuwa haijapata kufika. Kwa kuwa jina la Jeep lilikuwa mali ya wengine, mwaka wa 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Aina iliyotoka mwaka wa 1984, inayoitwa ya sabini, ingali inaundwa na kuuzwa Afrika, baada ya miaka zaidi ya arobaini, kwa sura inayokaribia kuwa ile ile.

Watanzania wameipa aina hiyo jina lao wenyewe, Mkonga, kwa ajili ya bomba lake la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hata juu ya paa, mfano wa mkonga wa tembo avukaye mto. Jina hili ni zuri kuliko lile la kiwandani, kwa kuwa lataja kazi. Bomba hilo huvuta hewa juu ya vumbi la kiangazi na juu ya maji ya masika, na dereva wa Mkalama au wa Ndago huvihitaji vyote viwili katika mwaka mmoja. Injini yake inayosifiwa zaidi ni ile ya dizeli iliyoanza mwaka wa 1990, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Haina tabo, pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa meno ya chuma, wala haingojei amri ya umeme, nayo huvumilia dizeli chafu ambayo injini laini zingeikataa. Fundi mwenye spana na sikio zuri huweza kuijua ikiumwa. Wenye magari hayo husema kwamba yana roho ya paka.

Lakini sifa hizo zina malipo yake. Injini hiyo isiyo na tabo hupanda Sekenke polepole ikiwa na mzigo, na malori huikaribia kwa nyuma. Tena, springi zake ni za mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine; hata mwaka wa 1999 zilikuwa hivyo mbele na nyuma, na nyuma zingali hivyo katika magari ya mizigo na ya wagonjwa. Ndizo zilizoliwezesha gari kubeba mzigo katika matuta ya mbuga bila kuvunjika. Ndizo pia zimrushazo mgonjwa. Gari la wagonjwa katika wilaya za mkoa huu aghalabu ni Land Cruiser ya namna hiyo, na mwanamke anayetolewa zahanati ya kijiji kupelekwa Kiomboi, Iambi au Itigi kwa njia ya udongo hulipokea kila shimo mwilini mwake. Gari lililoshindwa kufika lingemwua. Hili hufika, na yeye hufika amechoka mara mbili. Wanaolipima gari kwa kufika tu hawajamwuliza abiria huyu.

Ndugu wa Mkonga ni Land Cruiser kubwa ya starehe, iliyoitwa shangingi, jina la mwanamke mjuvi asiye na haya. Katika Bunge la Dodoma gharama zake zimelaumiwa mara nyingi, na lawama ilistahili. Gari la kuvukia mbuga liligeuzwa kiti cha enzi cha kwendea mkutano kwenye lami.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, halikuletwa na serikali wala na wafadhili. Tangu katikati ya miaka ya 1980 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, na katika miaka ya 1990 motokaa zilizokwisha kutumika Japani zikaanza kushuka bandarini Dar es Salaam kwa wingi. Huko Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waliuze likiwa bado na nguvu. Tena Mjapani huendesha upande wa kushoto wa njia, kama Mtanzania. Basi walimu, wauguzi na wachuuzi, ambao hawangeota kununua gari jipya, wakapata Corolla, Noah, IST na Probox. Serikali ikatoza ushuru wa ziada kwa gari lenye umri wa miaka minane au zaidi, lakini magari yakazidi kuja. Spea hutoka Gerezani, Kariakoo, zikasafiri kwa basi usiku, na asubuhi fundi wa Singida amekwisha kuzifungua. Wenye magari wamejifunza kubagua: injini ya Probox yasifiwa kwa kunywa kidogo, na zile za D4 zaogopwa, kwa kuwa mafuta yasiyo safi huzisumbua na mafundi wake ni wachache. Elimu hii hupokezanwa kwa midomo penye vituo vya mafuta.

Noah iliundwa kubebea jamaa moja ya watu wanane hivi. Kati ya mji na vijiji vya Singida imebeba zaidi ya hao, na mizigo juu, na kuku chini ya viti. Haikukataa. Hapa ndipo historia ya Toyota inapogeuka kinyume na asili yake. Kitanda cha Sakichi kilipendwa kwa sababu kilisimama uzi ulipokatika. Hata katika viwanda vya motokaa mfanyakazi aliyeona kasoro alipewa kamba ya kuvuta ili kazi isimame. Katika njia za Singida gari limependwa kwa kuwa halisimami: springi imepasuka, breki zimelegea, abiria wamezidi, nalo laenda.

Kampuni nayo imepata kuusahau uzi wake. Februari 24, 2010, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani juu ya mamilioni ya magari yaliyoitwa yarudi kwa kasoro, akaomba radhi na kukiri kwamba kampuni ilikua upesi kupita kiasi. Kisha ikafuata habari ya mifuko ya hewa ya Takata, kampuni iliyowauzia watengenezaji wengi wa motokaa: vifaa vyake, baada ya miaka ya joto na unyevu, viliweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Takata ilifilisika mwaka wa 2017, na Toyota na wengine wakayaita magari yao kwa mamilioni. Lakini barua ya mwito hupelekwa kwa mwenye gari aliyeandikishwa. Gari lililouzwa mnadani Japani, likapitia kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, likauzwa kwa mwalimu wa Ikungi na baadaye kwa dereva wa Sepuka, halina anuani ambayo barua hiyo ingefikia.

Magari haya ya karibuni yamepewa kitu kinachofanana na uzi wa Sakichi, taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, iwakayo injini ikiona kasoro. Kuisoma vizuri kwahitaji chombo cha umeme ambacho gereji nyingi za chini ya mti hazina. Dereva hulipeleka gari kwa fundi, fundi husikiliza, hutikisa kichwa, na mara nyingi tiba ni kuichomoa taa yenyewe. Alasiri gari hujazwa tena, likaondoka kwenda Ndago.