Bonde la Zermatt na Watu Wake

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo aghalabu husemwa mlangoni, mgeni anapokaribishwa, na watu wachache hukaa chini wakaipima. Yasema kwamba mgeni huja na neema. Lakini je, mwenyeji hupona kweli? Na sifa ya neema hiyo humwendea nani? Pako mahali ambapo maswali haya yaweza kujibiwa kwa historia ya zaidi ya miaka 150, napo ni bonde la Zermatt katika milima ya Alpi, kusini mwa Uswisi. Fuatana nami, msomaji, tulizuru bonde hilo. Yako mengi ya kufanya huko, lakini nitakuchagulia yale ambayo mtu apendaye historia hapaswi kuyaacha.

Jambo la kwanza ni kuingia bondeni kwa treni, tena kukaa dirishani. Safari huanzia Visp, mji mdogo ulio katika bonde la mto Rhone, jimbo la Valais. Hapo utapanda treni ya umeme iendayo kusini kiasi cha kilomita 35, ikifuata mto uitwao Vispa. Mji wa Visp uko mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari, na Zermatt yapata mita 1,600. Kwa hiyo ziko sehemu za njia zilizo kali mno, ambapo magurudumu ya kawaida yangeteleza. Hapo pamewekwa reli ya tatu yenye meno, na gurudumu la meno lililo chini ya gari huyashika meno hayo, treni ikapanda kama mtu apandaye ngazi. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1891. Wageni wenye magari huyaacha katika kijiji cha Täsch, kilomita 5 kabla ya kufika, maana Zermatt imekataa moshi wa petroli, na vyombo vyake ni vigari vya umeme.

Usishangae ukiambiwa kwamba kijiji cha Zermatt kiko chini kuliko Nairobi. Hata Matterhorn, mlima uliolipa bonde hilo jina duniani, una mita 4,478 tu, nacho kilele cha Lenana katika Mlima Kenya kina mita 4,985. Lakini sisi tuko kwenye Ikweta, na wao wako mbali kaskazini; hivyo theluji ambayo kwetu haionekani ila vileleni, kwao hufunika mapaa ya nyumba kila majira ya baridi.

Treni ikifika karibu na kijiji cha Randa, tazama upande wa magharibi. Utaona fungu kubwa la mawe na vifusi, kana kwamba mlima umetapika. Mwaka 1991, mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Mei, ubavu wa mlima ulianguka, jumla ya mita za ujazo milioni 30 hivi. Reli na barabara zilifukiwa, na mto ukazibwa njia. Kwa bahati njema hakufa mtu. Juu ya kijiji hichohicho, mwezi wa Desemba mwaka 1819, barafu ilimeguka kutoka mlima Weisshorn, na upepo wa poromoko lile peke yake ukabomoa majengo zaidi ya mia. Weka mambo hayo moyoni, kwa kuwa hutawaelewa watu wa bonde hili usipojua kwanza hofu yao. Kwa babu zao mlima haukuwa pambo. Ulikuwa jirani mkali asiyetabirika.

Ukishuka Zermatt, usivutwe mara moja na maduka ya saa na chokoleti. Nenda kwanza mtaa wa kale uitwao Hinterdorf. Huko zimesalia ghala za zamani zilizojengwa kwa mbao, nazo zimekuwa nyeusi kwa jua la miaka mingi. Kila ghala imesimama juu ya miguu mifupi ya mti, na juu ya kila mguu limelazwa jiwe bapa la mviringo, pana kama ungo. Waweza kudhani ni urembo, kumbe ni ulinzi: panya apandaye mguu hukutana na jiwe lile, asiweze kulizunguka kuifikia nafaka. Mkulima yeyote wa kwetu aliyewahi kulilinda ghala lake ataitambua akili hiyo papo hapo.

Nafaka yenyewe ilikuwa rai, mmea wa jamii ya ngano ustahimilio baridi. Watu walioka mikate yake mara chache kwa mwaka, ikakauka hata ikawa ngumu kama ubao. Walifuga ng'ombe, kondoo na mbuzi, wakiwapandisha malishoni wakati wa joto na kuwashusha kabla ya theluji. Katika jimbo lile la Valais mvua za mabondeni ni haba, basi wakulima walichimba mifereji na kutundika mabirika ya mbao kwenye magenge, ili maji ya barafu yafike mashambani. Walijua pia njia ya Theodul, ipitayo juu ya barafu hata Italia, wakaitumia kwa biashara. Lakini kileleni hawakwenda. Mtu mwenye shamba la kulima na mbuzi wa kukama afuate nini juu ya mwamba usioota hata jani?

Wageni ndio walioleta haja hiyo. Katikati ya karne ya 19 walianza kuja wataalamu wa mawe na mimea, kisha mabwana wa Kiingereza wenye fedha na nafasi, waliotaka kupanda vilele kwa ajili ya kuvipanda tu. Mwaka 1855 Alexander Seiler alifungua hoteli ya Monte Rosa, nayo ingaliko hata leo. Seiler alikuwa mtu wa jimbo lilelile la Valais, lakini hakuzaliwa Zermatt, na kwa miaka mingi wenyeji walikataa kumwandikisha katika jumuiya yao. Usifanye haraka kuwaita wachoyo. Misitu na malisho yalikuwa mali ya jumuiya, na aliyeandikishwa alipata haki juu ya mali hiyo yote. Waliogopa kwamba tajiri mmoja angeweza kulimeza bonde. Hata leo jumuiya hiyo ya wenyeji wa asili ina hoteli zake na sehemu katika magari ya nyaya yapandishayo wageni milimani. Hapo ndipo tuwezapo kusema kwamba mwenyeji alipona: hakuwafukuza wageni, wala hakuuachilia mlango wa nyumba yake.

Sasa twende kwenye makumbusho, karibu na kanisa la kijiji. Humo kuna kipande cha kamba, chembamba, kilichokatika. Kitazame kwa makini.

Edward Whymper alikuwa Mwingereza, fundi wa kuchora picha kwenye mbao, aliyefika Alpi mara ya kwanza mwaka 1860. Alijaribu mara nyingi kuupanda Matterhorn kwa upande wa Italia, akashindwa. Baadaye aligundua jambo ambalo wengi hawakulitambua: ubavu wa mashariki, ambao ukiutazama kutoka Zermatt waonekana kama ukuta uliosimama wima, hauna ukali mkubwa kama macho yanavyodhani. Basi mwezi wa Julai mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 25, aliondoka Zermatt pamoja na Waingereza wengine watatu: Charles Hudson aliyekuwa kasisi, Lord Francis Douglas, na kijana wa miaka 19 jina lake Douglas Hadow. Viongozi wao walikuwa Michel Croz wa Chamonix, Ufaransa, na Peter Taugwalder wa Zermatt pamoja na mwanawe, aliyeitwa kwa jina lilelile.

Tarehe 14 Julai, mchana, walikanyaga kilele. Upande wa pili waliwaona Waitalia chini yao, wakiongozwa na Jean-Antoine Carrel, wakavingirisha mawe ili wajue kwamba wameshindwa mbio. Walikaa huko saa moja, kisha wakaanza kushuka, wote saba wamefungana kwa kamba. Croz alitangulia, akafuata Hadow, halafu Hudson, Douglas, Taugwalder mzee, Whymper, na Taugwalder kijana nyuma. Hadow, ambaye hakuwa mzoefu, aliteleza akampiga Croz, wote wawili wakaanguka, wakawavuta Hudson na Douglas. Taugwalder na Whymper waling'ang'ania mwamba. Kamba ikakaza, kisha ikakatika kati ya Douglas na Taugwalder. Watu wanne wakatumbukia kwenye barafu, zaidi ya mita 1,000 chini. Maiti ya Douglas haikuonekana hata leo.

Habari hizo zilienea Ulaya nzima, na watu wakatafuta wa kulaumiwa. Ilisemwa kwamba Taugwalder mzee aliikata kamba kwa kisu ili ajiokoe. Kilifanywa kikao cha uchunguzi Zermatt mwezi uo huo, naye hakuonekana na hatia. Whymper mwenyewe alikiri kwamba kamba ilikatika, haikukatwa. Lakini aliuliza mbele ya watu kwa nini iliyotumiwa mahali pale ilikuwa ile dhaifu kuliko zote. Swali hilo lilitosha kuuweka uvumi hai, ukamfuata Taugwalder hata kufa kwake mwaka 1888. Whymper aliandika kitabu, akapata sifa. Taugwalder hakuandika kitabu. Fikiri, msomaji: watu wawili waliosimama kwenye mwamba mmoja, wakaokoka kwa kamba moja kukatika, mmoja akabaki na jina na mwingine akabaki na shaka. Tofauti yao ilikuwa kalamu.

Ukitoka makumbusho, ingia makaburini karibu na kanisa. Croz na Hadow wamezikwa hapo, kiongozi na mgeni wake, na jirani zao ni wengine wengi waliofia milimani. Tangu mwaka 1865 Matterhorn peke yake umeua watu zaidi ya 500. Lakini msiba ule haukuwafukuza wageni. Uliwaita. Mwaka 1871 Lucy Walker, Mwingereza, akawa mwanamke wa kwanza kufika kilele hicho, akiongozwa na Melchior Anderegg. Vijana wa bondeni wakaifanya kazi ya kuongoza wageni kuwa ufundi wa kurithishana, baba kwa mwana.

Ufundi huo wa Alpi ulifika hata kwetu. Tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder alifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa Courmayeur, kijiji kilicho upande wa Italia wa Alpi. Mizigo ya safari ile ilichukuliwa na makumi ya wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Majina ya wale wawili wa Alpi yamo vitabuni. Ya wapagazi wetu ni nani awezaye kuyataja? Nao mto mmoja wa barafu mlimani mwetu ukaitwa Tyndall, kwa jina la John Tyndall, mtaalamu aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha Weisshorn, juu ya Randa, mwaka 1861.

Jambo la mwisho ni kupanda Gornergrat. Reli yake ya umeme na meno ilifunguliwa mwaka 1898, nayo hukufikisha mita 3,089 bila ya kutoka jasho. Mbele yako utaona Monte Rosa, ambao kilele chake chenye mita 4,634 ni kirefu kuliko vyote vya Uswisi, na chini yako mto wa barafu wa Gorner. Nasema mto, kwa kuwa barafu hiyo huteremka kwa uzito wake, polepole sana, jicho lisione. Katika karne ya 19 ncha yake ilishuka karibu na malisho ya kijiji, watu wakaiogopa. Tangu hapo imerudi nyuma zaidi ya kilomita 2. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu yote ya Uswisi ilipungua kwa sehemu moja ya kumi. Wala jambo hili si la kwao peke yao: barafu ya Lewis katika Mlima Kenya ilipoteza sehemu tisa za kumi kati ya mwaka 1934 na 2010.

Na hofu ya zamani yarudi kwa sura mpya. Tarehe 28 Mei 2025, katika bonde jingine la Valais liitwalo Lötschental, mwamba na barafu viliporomoka vikakifukia kijiji cha Blatten karibu chote. Wakazi wake 300 hivi walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, kwa sababu wataalamu waliuchunguza mlima na watu wakatii onyo. Hata hivyo mtu mmoja alipotea.

Jioni, ukirudi kijijini, watazame wanaotandika vitanda na kuosha vyombo hotelini. Wengi wao wametoka ng'ambo, hasa Ureno, na nyumba za kupanga ni ghali kwao. Mwenyeji amepona, hilo ni kweli. Mbuzi na rai havikumpa mali ambayo wageni wamempa. Lakini mzigo haukutoweka. Umehamia mabegani mwa wengine. Basi popote utakapozuru, iwe Alpi au Naro Moru, uliza swali moja ambalo halimo katika vitabu vya watalii: ni nani aliyeubeba mzigo, na jina lake ni nani? Ukilipata jina hilo, liandike.