Timu ya Taifa ya Wanawake ya Nigeria

Super Falcons ni timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Nigeria, chini ya Shirikisho la Soka la Nigeria (NFF). Ilicheza fainali zote 9 za Kombe la Dunia, kuanzia 1991 hadi 2023. Mechi yake ya kukumbukwa zaidi huko iliishia kwa kipigo: katika robo fainali ya 1999 ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 3–0 dhidi ya Brazil, ikasawazisha yote, kisha ikatolewa 4–3 kwa bao la dhahabu. Barani Afrika hakuna inayoikaribia kwa mataji. Katika fainali ya ubingwa wa Afrika ya 2004, mchezaji wake Perpetua Nkwocha alifunga mabao 4 peke yake, Kameruni ikalala 5–0. Katika fainali ya Julai 2025, mjini Rabat, wenyeji Moroko walitangulia 2–0. Nigeria ikashinda 3–2 na kutwaa taji la 10.