Kijiji cha Rika Moja: Jinsi Wanyakyusa Walivyotunzana

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: UKWANGALA. Mliozaliwa Unyakyusa mnalijua. Kwa Kiswahili twaweza kusema ni kukaa na wenzako kwa furaha, lakini wazee hawakuishia hapo. Ndani ya neno hilo mlikuwa na kula pamoja, kuzungumza, kusaidiana na kuoneana huruma.

Habari nyingi za mambo haya ziliandikwa na Bwana Godfrey Wilson, Mwingereza, aliyefika Rungwe mwaka 1934, na mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika ya Kusini. Walikaa mpaka mwaka 1938. Bwana alifariki mwaka 1944. Bibi Monica akatoa kitabu chao cha kwanza juu ya vijiji hivi mwaka 1951. Karani wao alikuwa Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, na mimi naamini bila yeye wasingalielewa hata nusu ya waliyoyaona.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wa kiume alipofika miaka 10 au 11 aliacha nyumba ya baba yake, akaenda pamoja na wenzake kujenga vibanda pembeni. Sababu iliyotajwa ilikuwa heshima: haikufaa kijana anayekua alale karibu na wazazi wake. Lakini hakutupwa. Alilima shamba la baba yake, na chakula alikula kwa mama. Tena hakula peke yake. Kundi zima lilikwenda kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Hebu wewe mama uliye darasani fikiri: vijana wanane wamesimama mlangoni, na mmoja tu ndiye uliyemzaa. Wote watakula.

Vijana hao walipooa, mara nyingi wakiwa na miaka kama 25, waliwaleta wake zao hapo hapo. Basi majirani wa mtu hawakuwa ndugu zake wa damu, bali watu wa rika lake. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka: wana wa malafyale walitokezwa mbele ya watu, na wazee wakawapisha vijana katika ardhi na katika utawala. Jambo hilo si dogo. Watu wangapi leo huachia shamba kabla ya kufa?

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mtu akiugua, watu hawakuuliza dawa tu. Waliuliza pia: amemkosea nani? Je, alimtukana mzazi? Je, alifiwa asiwalishe majirani? Iliaminiwa kwamba majirani wakinung'unika kwa haki, pumzi yao humwangukia mkosaji kama baridi, akashikwa na homa. Uponyaji ulikuwa kukiri kosa, kulipa, na kula pamoja tena. Katika matambiko ya jamaa vile vile, mwenye hasira alitakiwa aitamke waziwazi. Hasira iliyofichwa moyoni iliharibu tambiko.

Sisemi kwamba homa huletwa na manung'uniko. Malaria huletwa na mbu, na mgonjwa apelekwe zahanati upesi. Lakini tazameni walivyounganisha mambo mawili ambayo sisi huyatenga: kumtunza mgonjwa, na kuuliza nani amedhulumiwa. Hukumfariji mtu ukaiacha dhuluma ikae.

Je, kila mtu alitunzwa sawa? Hapana, na hapa nawaomba msikilize vizuri. Imani ile ile ilikuwa na upande wa giza. Aliyeshukiwa uchawi aliweza kunyweshwa mwavi, au kufukuzwa kijijini. Tena, kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Mwanamke aliingia humo kwa sababu ya mumewe. Yeye ndiye aliyepika chakula cha kundi zima, lakini hakuwa na rika lake lenye ardhi na sauti. Wazee wenye ng'ombe wengi walioa wake wengi, na vijana wakangoja miaka mingi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya vijiji vya ujamaa, alisifu jamaa ya zamani ya Kiafrika kwa kugawana na kutunzana. Hata hivyo alitaja kasoro zake mbili: umaskini, na unyonge wa wanawake, ambao walifanya kazi kupita sehemu yao. Aliyoyasema kwa nchi nzima yalikuwa kweli Unyakyusa.

Vijiji vya rika vilififia polepole. Vijana walikwenda kuchimba dhahabu Lupa; milimani watu walipanda kahawa. Mbuni hukaa miaka mingi shambani, na mwenye mibuni hataki kuhama. Hutaka mwanawe airithi.

Kazi yenu kabla ya kipindi kijacho ni hii. Kila mmoja amwendee bibi mzee wa jirani, ampe heshima zake, amwulize: zamani, ulipougua wewe, ni nani aliyewapikia watoto wako? Mwandike jina la mtu huyo, na sentensi tatu juu yake. Mwalimu wa darasa atazisoma.