Friji Halili Gesi: Stori ya Miaka 100 Ambayo Fundi Hakukwambia

Hii stori kila mtaa inayo. Friji linawaka, taa ipo, ila maji yanatoka ya uvuguvugu na nyama imeanza kutoa harufu. Anaitwa fundi. Anakuja, anagusa mgongo wa friji, anasikilizia kidogo kama daktari, halafu anatamka: "Gesi imeisha." Analipwa, anajaza, friji linapiga kazi. Miezi mitatu baadaye gesi "imeisha" tena.

Ukweli mchungu ni kwamba friji halili gesi. Siyo gari kwamba linachoma mafuta. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaisukuma, inapoa nyuma ya friji na kuwa kimiminika, ikiingia ndani inageuka mvuke na kubeba joto la chakula, halafu inarudi kuanza upya. Gesi ile ile ya kiwandani inaweza kudumu umri wote wa friji. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Na huko kuvuja ndiko kulikoandika historia nzima ya friji.

Gesi iliyoua watu ndani ya nyumba zao

Miaka ya 1920, friji za umeme zilipoanza kuingia majumbani Marekani na Ulaya, gesi zake zilikuwa balaa tupu: amonia, salfa dayoksaidi na methili kloraidi. Mbili za kwanza angalau zinanuka vibaya, mtu anashtuka na kukimbia. Ya tatu haina harufu ya kumwamsha aliyelala. Mwaka 1929 kule Chicago, watu kadhaa walikufa kwenye nyumba zao za ghorofa kwa sababu ya hiyo gesi kuvuja.

Berlin nako familia ilipoteza maisha kwa gesi ya friji, na habari ikamfikia profesa mmoja kupitia gazeti. Huyo profesa siyo wa mchezo: alishabeba Nobel ya fizikia ya mwaka 1921, na picha yake akiwa ametoa ulimi, nywele timutimu, mpaka leo iko kwenye tisheti. Roho ikamuuma. Kuanzia 1926 akakaa na kijana mmoja mwanafizikia kutoka Hungary wakaumiza vichwa. Hoja yao ilikuwa rahisi: gesi inapenya pale kwenye vifaa vinavyozunguka, kwa hiyo tengeneza friji lisilo na kitu kinachozunguka. Hataza yao ya Marekani ilitoka 1930. Friji lenyewe halikuwahi kuuzwa madukani. Pampu yao ilikuwa na kelele, halafu akatokea mtu mwingine na gesi mpya.

Kabla yake, kampuni ya General Electric ilikuwa imeleta friji lake la mwaka 1927 ambalo mota na kompresa vimefungiwa pamoja ndani ya chuma kimoja kisichofunguliwa. Kile "chungu" cheusi kilichopo nyuma ya friji lako leo ni mjukuu wa wazo hilo.

Jamaa aliyevuta gesi mbele za watu

Sasa huyu mwingine. Mkemia wa Kimarekani, ndiye pia aliyewaletea watu petroli yenye risasi, ile iliyochafua hewa ya dunia kwa miongo. Mwaka 1930 alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi mpya mapafu yakajaa, halafu akaipulizia mshumaa ukazima. Maana yake: haiui, haiwaki moto. Ukumbi mzima ukanyoosha mikono. Ndiyo familia ya gesi ambayo mafundi wa zamani wanaijua kama R12.

Kuanzia hapo kuvuja kukaacha kutisha. Ikipungua, jaza, maisha yaendelee.

Kumbe ilikuwa inapaa. Mwaka 1974 wanakemia wawili wa California wakaonya kwamba gesi hizo zikifika juu zinakula ozoni, ile ngao inayozuia miale mikali ya jua. Wakabishiwa sana. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza upungufu wa kutisha wa ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 nchi zikasaini Mkataba wa Montreal. Wale wawili walipata Nobel mwaka 1995 pamoja na mwenzao mmoja. Mkemia wa mshumaa hakuyaona yote hayo: alipooza kwa polio, na mwaka 1944 akafa akiwa amenaswa na kamba za mtambo aliojitengenezea mwenyewe wa kumnyanyua kitandani.

Kutoka Kigali mpaka jikoni kwako

Ikaja R134a. Ozoni haiigusi, ila kwa kuchemsha dunia inaizidi kaboni dayoksaidi zaidi ya mara 1,000. Oktoba 2016 nchi zikakutana hapo jirani, Kigali, zikakubaliana kuipunguza hiyo na ndugu zake.

Ndiyo maana friji nyingi mpya zina stika ya R600a. Hii ni rafiki wa mazingira, ila ni ndugu wa gesi ya mtungi wa kupikia. Inawaka. Ndani yake huwa ni gramu chache tu, lakini fundi akiwasha moto wa kuchomelea bomba bila kuitoa na bila kufungua madirisha, ni hatari. Na kuna wanaojaza R134a kwenye friji la R600a. Hapo kompresa inateswa mpaka ife.

Siku hizi friji linaongea

Zamani friji likiumwa lilinyamaza. La sasa lina vipima joto na kompyuta ndogo, linakuandikia kabisa. Kwenye friji za LG, kwa mfano, Er FF ni feni ya friza na Er dH ni mfumo wa kuyeyusha barafu. Yote hayo siyo gesi! Feni ikigoma au barafu ikiziba njia ya hewa, juu panaganda na chini pana joto, na hapo ndipo wengi wanauziwa gesi bure. Kuna hata friji jipya linaloandika OFF, taa zinawaka ila halipoozi. Halijafa, limeachwa kwenye hali ya maonyesho ya dukani. Kijitabu kinaeleza namna ya kulitoa.

Mengine ni madogo zaidi. Bana noti kwenye mlango, ikichomoka kirahisi mpira umechoka. Maji yakituama ndani, kitundu cha kutolea maji kimeziba. Umeme ukirudi, lipe dakika tano kabla ya kuliwasha, vinginevyo kompresa inaanza na mzigo mzito.

Na fundi akisema gesi imeisha, muulize kwa heshima: "Fundi, panavuja wapi?" Akionyesha, akaziba, akavuta hewa yote kwenye mabomba ndipo akajaza, mlipe vizuri maana huyo kasoma. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Stika ya nyuma ya friji la kwenu imeandikwa R ngapi? Dondosha kwenye comment.