Makini ya Msikilizaji na Umbo la Utenzi

Mara nyingi hudhaniwa kwamba uwezo wa binadamu wa kumakinika ni kipimo kimoja alichozaliwa nacho. Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alieleza kwamba makini ya hiari haidumu ila kwa sekunde chache. Huponyoka, nayo nia huirudisha tena na tena. Mwaka 1948 Norman Mackworth, wa Cambridge, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu waliutazama mshale wa saa kwa muda wa saa mbili, wakingojea uruke hatua mbili badala ya moja. Baada ya nusu saa ya kwanza, uhodari wao wa kuitambua miruko hiyo ulikuwa umekwisha pungua.

Fasihi ya pwani ya Kenya yatoa ushahidi wa namna nyingine. Utenzi wa Tambuka, aliouandika Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Utungo wa namna hii ulikusudiwa kughaniwa, wala si kusomwa kimya. Basi ni kitu gani kilichomshika msikilizaji?

Jibu limo katika umbo. Kila ubeti una mishororo 4 ya mizani 8. Mishororo mitatu ya kwanza huchukua kina kipya katika kila ubeti. Wa nne hurejea kwenye kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati. Sikio hupewa jipya, kisha hurudishwa kwenye lililozoeleka. Kazi ambayo James aliiachia nia ya mtu, hapa hutendwa na kina. Mshale wa Mackworth ulirudiarudia pia, lakini haukusimulia kitu.

Hata hivyo, watunzi hawakuliachia umbo kazi yote. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye wasia wake wa beti 102 mwaka 1858, alianza kwa kumwita asogee, apulike na kuzingatia.

Werner na Hichens waliuchapisha wasia huo mwaka 1934. Chapa iliyahifadhi maneno. Sauti haikuweza kuihifadhi. Kwa hiyo mwanafunzi anayesinzia juu ya kitabu cha tenzi asihukumiwe upesi kuwa hana makini. Huenda amepewa nusu tu ya utenzi.