Asili ya Kosa la Kuunganisha Programu: Kutoka A-0 hadi Mbulu

Mwanafunzi wa Mbulu anayejifunza lugha ya C kwenye Linux huandika programu ya kutafuta kipeuo cha pili cha namba aliyoingiza, akatoa amri `gcc kipeuo.c`, kisha akajibiwa kwamba `sqrt` haijafafanuliwa. Hukagua tahajia upya, maana jibu limo katika Kiingereza, ambacho kwa wengi huko hutanguliwa na Kiiraqw na Kiswahili. Tahajia haina kosa. Kompaila imemaliza kazi yake. Kilichokwama ni kiunganishi, ambacho hakikuoneshwa maktaba ya hisabati.

Kazi hii ya kuunganisha ni kongwe. Mfumo wa A-0 wa Grace Hopper, wa mwaka 1952, uliitwa kompaila, ingawa kwa mizani ya leo ulikuwa kiunganishi zaidi: ulichukua vijiprogramu vilivyokuwa tayari kwenye utepe na kuviunga pamoja.

Julai 1974 Ritchie na Thompson walichapisha makala yao kuhusu Unix, iliyoendeshwa kwenye PDP-11 yenye kumbukumbu finyu. Mwaka huohuo Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kwa maoni yangu, ndipo tulipopishana: desturi za Unix zilitufikia baadaye zikiwa kanuni, bila sababu zake. Mojawapo ni kusoma maktaba kutoka kushoto kwenda kulia, na kuchukua kile tu ambacho tayari kimeombwa. Hivyo `gcc -lm kipeuo.c` huweza kushindwa pale ambapo `gcc kipeuo.c -lm` hufaulu.